Ardis Kinnunen na Bahasha ya Kaunta ya Tatu

Ijumaa tarehe 27 Juni, saa kumi na moja jioni, Ardis Kinnunen atafunga droo ya kaunta ya tatu, atamkabidhi mlinzi ufunguo wa kabati la hati, na kwenda nyumbani akiwa mstaafu. Atakuwa ameitumikia kampuni yetu ya udalali, Nyland na Wenzake, kwa miaka arobaini na mmoja na miezi minne. Alipoingia Februari 1984, hapa Spokane bei za hisa za migodi ziliandikwa ubaoni kwa chaki, na vumbi la chaki liliingia mpaka kwenye kahawa. Chaki imekwisha, ubao umetupwa, wakurugenzi watatu wamepita, na Ardis bado anakunywa kahawa palepale.

Kamati ya jarida imeniomba mimi niandike wasifu huu kwa sababu, eti, ndimi niliyegombana naye kuliko mtu yeyote katika jengo hili. Siwezi kukanusha. Mimi ni wa dawati la mauzo, nala kutokana na kamisheni, na kwa mwaka wangu mzima wa kwanza niliamini kuwa mama huyu aliajiriwa ili watoto wangu walale njaa.

Kwa wale wa ghorofa ya juu ambao hawajawahi kushuka, niseme kazi yake. Migodi midogo ya bonde la fedha, kule Idaho, ikiishiwa pesa taslimu huwalipa watu kwa hisa. Ni hisa za senti tatu, senti tano, na kwenye hati yake huwa kuna maandishi mekundu yanayosema kuwa haziruhusiwi kuuzwa mpaka masharti ya sheria yatimizwe. Sisi tunaziita hisa zilizofungwa. Zinafunguka, ila kila anayeshika ufunguo anataka chake: mwanasheria, msajili wa hisa, mtu wa posta, na sisi wenyewe. Haba na haba hujaza kibaba, na ada nazo ni hivyohivyo, isipokuwa kibaba chenyewe ni cha mwingine. Wanaokuja kaunta ya tatu na hati kama hizo ndio wasiojua jambo hilo.

Ardis ni mtoto wa Mullan, ng'ambo ya mlima, wa ukoo wa Kifini uliokuja kuchimba. Kahawa anakunywa vikombe saba kwa siku. Akikuletea kipande cha mkate wake wa iliki Jumatatu asubuhi, jua kuna kosa kwenye fomu zako na anataka ukae kabla hajakuambia. Sauti yake ni ndogo mno. Miaka kumi na miwili sijamsikia akiipandisha. Anayetaka kumsikia huinama juu ya kaunta, na wameinama wengi, mpaka vanishi ya kaunta ya tatu imelika mahali watu wanapoweka viwiko.

Na ana bahasha zake. Hazitupi bahasha za barua zilizofika; huzipasua kwa kisu, huzikunjua, na upande wa ndani, ulio mweupe, huandika kwa penseli. Ukimletea hati ya hisa zilizofungwa hakupi fomu. Anaandika kwanza gharama zote, mstari kwa mstari, mpaka senti ya mwisho, anapiga mstari chini, anaandika kitakachobaki mkononi mwako, halafu anaiweka bahasha juu ya hati yako na kusema, "Soma hii kwanza." Wateja wangapi niliowapokea mlangoni kwa tabasamu, nikawapigia mahesabu ya kamisheni yangu kichwani, wakasoma bahasha, wakavaa kofia na kuondoka. Nilimwuliza siku moja, kwa hasira, kama anajua anakula upande gani wa meza. Akanijibu, "Kula kwanza, Corwin, ndiyo ujue."

Nikala. Mwaka huohuo kampuni moja ndogo ilikuwa ikiuza hisa zake zilizofungwa kwa senti moja, na mimi, mjanja wa mjini, nikanunua laki moja kwa dola elfu moja. Ardis aliniwekea bahasha mezani. Niliitupa kwenye pipa bila kuisoma. Mwaka mmoja baadaye bei ilikuwa imepanda hadi senti moja na nusu, nikatembea kifua mbele kwenda kuuza. Barua ya mwanasheria dola mia tano. Msajili, kwa kufuta yale maandishi mekundu, mia mbili ishirini na tano. Posta na bima hamsini na tano. Ada ya ukaguzi wa hati ya kampuni yetu wenyewe, ambayo wafanyakazi hulipa nusu, mia tatu. Katika dola elfu moja na mia tano nikabakiwa na mia nne na ishirini. Bei ilipanda kwa nusu nzima na mimi nikapoteza zaidi ya nusu ya pesa zangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu nilichechemea nalo mpaka Krismasi. Jumatatu iliyofuata nilikuta mkate wa iliki mezani, kipande kikubwa kuliko kawaida.

Ndipo nilipomwuliza alianza lini kuandika bahasha, na akanionyesha hundi.

Ilikuwa miezi mitano baada ya kuajiriwa. Baba yake, Eino Kinnunen, alishuka kutoka Mullan amevaa koti la kanisani, akaja moja kwa moja kwenye kaunta ya binti yake na hati ya hisa alizolipwa kwa kazi ya kiangazi kizima cha kuchimba. Ardis alikuwa na miaka ishirini na miwili. Aliona fahari. Alipokea hati mbele ya wenzake wote, akagonga muhuri, akamwambia baba yake aende nyumbani asubiri. Baada ya wiki sita ada zote zilikuwa zimekatwa, na hundi iliyofika Mullan ilikuwa ya dola kumi na moja na senti arobaini. Eino hakumlaumu. Aliibandika ukutani jikoni, karibu na kalenda, na hakuichukulia pesa hadi alipofariki. Tangu hapo Ardis ameiweka kwenye droo ya kaunta ya tatu. Nilipoishika nilitamani nisingewahi kumwuliza.

Sasa nije kwenye jambo la Septemba iliyopita, ambalo wengi mmelisikia nusunusu.

Mzee Orval Petrini ana miaka sabini na minane. Alitumia maisha yake kwenye mashine za kutoboa mwamba huko chini, na mashine zikamlipa kwa kumla masikio. Kama ulikuwa ndani ya jengo hili siku ile ulimsikia, kwa sababu asiyesikia hupiga kelele.

"Binti wa Eino," alisema kutoka mlangoni, "nimekuja kuuza hisa zangu za Cinder Gulch. Nataka kununua vifaa vya kusikilizia. Mjukuu wangu anapiga kodiani, naona vidole tu vinavyotembea."

Kampuni ya Cinder Gulch iliishiwa pesa mwaka 2009 katikati ya kukarabati shimo lake, ikawalipa wafanyakazi wake kwa hisa zilizofungwa. Fungu la Mzee Petrini lilikuwa hisa elfu sitini. Alikuwa ameona bei kwenye skrini ya benki: senti tano. Dola elfu tatu, na vifaa vya kusikilizia ni dola elfu mbili na mia saba. Alishapanga hata zitakazobaki atanunulia nini. Nami, ambaye miaka yote hiyo nilipaswa kuwa nimeshajifunza, nilikuwa nimeshamwambia karibu sana.

Kisha akatoa hati yenyewe. Alikuwa ameilaminisha. Ghala lake lina unyevu, alisema, kwa hiyo aliipeleka shuleni kwa mjukuu, akamwomba mwalimu aitie plastiki pande zote mbili, kama vyeti vya watoto. Ilikuwa inang'aa vizuri. Ardis aliigeuza, akaigeuza tena. Hati iliyotiwa plastiki haigongwi muhuri wala kusainiwa, na msajili huihesabu kama iliyopotea. Humtaka mwenyewe alipie dhamana kabla ya kupewa nyingine.

Ardis alichukua bahasha akaandika. Senti tano ilikuwa bei ya anayeuza. Anayenunua siku hiyo alitoa senti tatu, kwa hiyo dola elfu moja na mia nane. Mwanasheria mia tano. Msajili mia mbili ishirini na tano. Dhamana ya hati mia mbili na sitini. Ukaguzi wetu mia sita, ambazo hazirudishwi hata hati ikikataliwa. Posta na bima hamsini na tano. Kamisheni, kiwango cha chini, mia na hamsini. Akapiga mstari. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikaona penseli ikisimama kabla ya kuandika jumla. Kilichobaki ni dola kumi.

Aliiweka bahasha juu ya hati. Hakusema "soma hii kwanza", kwa kuwa Mzee asingemsikia. Mzee alisoma polepole, kidole kwenye kila mstari, na alipofika chini aliuliza swali ambalo jengo zima lilisikia: "Nikilipa hawa wote, nitasikia nini?"

Ardis aliandika mstari mwingine chini ya ule wa mwisho: *Usiuze leo. Nipe miezi miwili.* Mzee aliikunja bahasha mara nne akaitia kwenye pochi, akaondoka na hati yake ya plastiki kwapani. Sikumwona Ardis akinywa kahawa tena siku ile.

Kilichofuata alikifanya kwa siku zake za likizo, na ninaandika hivyo ili mtu asije akauliza. Jumamosi mbili baadaye alivuka mlima kwenda kwenye chakula cha jioni cha ukumbi wa wachimbaji, Mullan, akazunguka meza moja baada ya nyingine akiinamisha watu na kuwauliza nani mwingine anayo karatasi ya Cinder Gulch. Pamoja na Mzee Petrini walikuwa kumi na tisa. Tarehe ileile, maandishi mekundu yaleyale, na kila mmoja alikuwa ameificha yake akidhani ni shida yake peke yake. Wengine walikuwa wameshauliza bei ya mwanasheria na kukata tamaa. Ardis aliwaeleza jambo ambalo hata mimi dalali sikuwa nimelifikiria: mtu mmoja hulipia ufunguo wake, lakini kufuli zote kumi na tisa zilifungwa na mkono mmoja, na mkono huo ni wa kampuni. Kampuni ikitaka, mwanasheria wake huandika barua moja kwa wote.

Jioni hiyohiyo walifanya mnada wa pai, kama wafanyavyo mtu wao akikwama. Pai nne za matunda ya mlimani, zilizookwa na wake za watu wenye hisa zilezile, zikanunuliwa na waume zao wenyewe kwa dola mia mbili na sitini na tano. Dhamana ya ile hati ya plastiki ikawa imelipwa, na dola tano zikabaki za kumnunulia mwalimu kadi ya shukrani, kwa sharti asilaminishe tena kitu cha mtu mzima.

Mwezi Novemba Cinder Gulch ilifanya mkutano wake wa mwaka katika ukumbi uleule. Kumi na tisa walikaa safu ya kwanza, hati mapajani. Nilikuwepo, nilimwendesha Ardis kwa sababu ya theluji, na nikiri kuwa nilitaka kuona. Mwenyekiti wa kampuni alizungumzia sampuli za mwamba kwa dakika arobaini. Alipouliza kama kuna swali, Mzee Petrini alisimama.

"Wewe," alisema kwa sauti ya mashimoni, "ulitulipa karatasi. Tulikubali, kwa sababu shimo lilikuwa linaingia maji na hatukutaka lifie mikononi mwetu. Sasa tufungulie karatasi."

Mwenyekiti alianza kueleza habari za gharama za kisheria. Mzee alimkata.

"Sikusikii," alisema. "Ndiyo sababu yenyewe nimekuja."

Ukumbi ulicheka, mwenyekiti akacheka mwishoni, maana naye ni mtoto wa bonde lile na alijua angekula chakula cha jioni na watu walewale. Kabla ya pai kukatwa alikuwa ameahidi, na ikaandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano, kwamba kampuni italipa mwanasheria na msajili kwa wote kumi na tisa. Januari hisa zao zilikuwa zimefunguliwa na kuhamia kwenye kompyuta, bila karatasi, na hisa zisizo na karatasi tunazipokea kwa dola hamsini tu. Ya kwangu ikawa ile kamisheni. Ardis hakuniomba. Alinitazama tu na penseli yake sikioni, nami nikapunguza hadi dola kumi na tano kwa kila mauzo.

Aliniomba jambo moja lingine, nisiuze zote kwa mpigo. Kumwaga hisa elfu sitini kwenye soko dogo kama lile ni kuishusha bei kwa mikono yako mwenyewe. Tukaweka bei senti tano tukangoja, elfu kumi zikaenda, elfu kumi nyingine zikaenda, mara sita, kwa majuma tisa. Jumla dola elfu tatu, gharama mia na arobaini. Mzee Petrini alipokea hundi ya dola elfu mbili na mia nane na sitini.

Hayakwisha hivihivi. Mkurugenzi wetu, Bwana Garth Nyland, alimwita Ardis ofisini, nami nikaitwa kama shahidi au mshtakiwa wa pili, sikuelewa vizuri. Alikuwa amepiga hesabu. Ada za ukaguzi wa hati za watu kumi na tisa, dola mia sita kila moja, ni dola elfu kumi na moja na mia nne.

"Hizo umetukosesha, Ardis," alisema. "Miezi mitano kabla ya kustaafu."

Ardis alitoka, akarudi na hundi ya baba yake, akaiweka juu ya hesabu ile. Bosi aliisoma: dola kumi na moja na senti arobaini, jina la kampuni yetu juu, sahihi ya babu yake mwenyewe chini.

"Hii haikuwahi kuchukuliwa pesa?"

"Hapana," Ardis alisema. "Baba alisema anaingoja ipande bei."

Bosi alicheka, halafu akaacha kucheka. Sitasema aliwaza nini, ila naweza kusema alichofanya, kwa kuwa waraka umeshatoka: kuanzia Julai mosi, ukurasa wa kwanza wa fomu yetu ya hati utakuwa orodha ya gharama zote, za kununua na za kuuza, pamoja na kitakachobaki mkononi, na mteja atausoma kabla ya kupewa kalamu. Kwenye waraka unaitwa Kiambatisho A. Huku chini tunauita bahasha. Kaunta ya tatu haifungwi, na atakayekaa pale ni mimi, kwa ombi langu mwenyewe. Wenzangu wa mauzo bado wanadhani nimeugua.

Mwezi Mei Mzee Petrini alirudi. Safari hii aliingia kimya, akamsalimu mlinzi kwa sauti ya kawaida, mlinzi akashtuka. Alikuwa na vifaa vyake vidogo masikioni. Alitueleza kuwa mjukuu anapiga kodiani vibaya sana na kwamba hajawahi kufurahi hivyo. Kisha akatoa pochi, akatoa ile bahasha ya Septemba iliyokunjwa mara nne, akaiweka mbele ya Ardis.

"Nisomee," alisema.

"Unaijua yote, Mzee."

"Naijua kwa macho. Nisomee."

Ardis akasoma. Mwanasheria mia tano, msajili mia mbili ishirini na tano, dhamana, ukaguzi, posta, kamisheni, mpaka dola kumi, mpaka usiuze leo. Mzee alikuwa ameweka viwiko mahali vanishi ilipolika, amefumba macho. Aliwahi kuchimba na Eino Kinnunen shimo moja, zamani, masikio yake yakiwa mazima.

"Ndivyo alivyokuwa akiongea baba yako," alisema.

Ardis alikwenda chumba cha nyuma kutafuta penseli, ilhali ilikuwa sikioni mwake. Mteja aliyefuata nilimhudumia mimi, na niliandika bahasha yangu ya kwanza, kwa mwandiko mbaya.

Ardis, asante kwa miaka arobaini na mmoja, kwa mkate wa Jumatatu, na kwa bahasha ile niliyoitupa pipani. Tunakutakia afya, njia isiyo na theluji kila uendapo Mullan, na mapumziko marefu ambayo hakuna atakayekukata ada. Hundi ya Eino uliyoniachia nimeibandika ukutani, karibu na kalenda. Ukipita mjini ingia, kaunta unaijua. Usihangaike kupandisha sauti, sisi tutainama.

*Corwin Baptie, zamani wa dawati la mauzo*